Hakimu Hakuandika Kuungua

Mwaka 2025, baada ya kupura alizeti, tulikaa wazee wanne kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Ulemo tukinywa chai, na redio ikataja habari za majiko ya gesi yanayofungwa magerezani. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, akaweka kikombe chini akanigeukia: “Afande, hebu nieleze. Mke wangu anakwenda porini kutafuta kuni, na mkwe wangu anapuliza moto mpaka macho yanavimba. Aliyeiba ng’ombe wa watu yeye anapikiwa kwa gesi! Hiyo ndiyo haki?” Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka, kwani mtu mzima akikutania nyumbani kwako huwezi kumjibu kwa ukali. Lakini usingizi wa usiku ule haukuwa mwema, na sura hii nimeiandika kwa ajili yake, pamoja na wote wanaosema kama yeye, nao ni wengi.

Ndugu msomaji, kwanza nieleze nina haki gani ya kusema. Hapa kijijini wananiita Afande kana kwamba maisha yangu yote nilishika bunduki mlangoni pa gereza. Ukweli ni kwamba nilishika spana. Mvuke niliufahamu nikiwa kijana katika kiwanda cha nguo, enzi zile viwanda vyetu vilipokuwa vinanguruma usiku na mchana, ndipo nikaingia Jeshi la Magereza kama fundi. Miaka yangu mingi niliimalizia katika gereza moja kubwa (sitalitaja, wala mkoa wake) nikisimamia chumba cha boila, mabomba ya mvuke ya jikoni, pampu na matangi ya maji, jenereta, nyaya za umeme na vyoo. Babu yangu alizoea kutusimulia habari za garimoshi lililokuja zamani kutoka Manyoni mpaka Kinyangiri, kwenye reli iliyojengwa miaka ya 1930 na kung’olewa miaka ya 1940, na jinsi watoto walivyotimua mbio lilipopiga kelele. Nilipompelekea barua kwamba nimekabidhiwa boila, alimwomba mtu aniandikie jibu: je, na wewe unapiga filimbi?

Wengi hudhani mvuke ni ule moshi mweupe unaopanda kutoka kwenye sufuria. Ule si mvuke tena, ni matone ya maji yaliyokwisha kupoa. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Lita moja ya maji ikichemka hadi kwisha hutoa mvuke wa lita zaidi ya 1,600, na ukiufungia ndani ya chuma haukai kimya, unatafuta pa kutokea. Boila yetu ilifanya kazi kwa mgandamizo wa kilo 7, na hapo maji hayachemki kwa nyuzi 100 tulizofundishwa shuleni, huchemka kwa nyuzi 170 hivi. Bomba likitoboka, fundi mwenye akili hatafuti tundu kwa mkono wake. Huchukua ufagio wenye mpini mrefu, akaupitisha polepole kandokando ya bomba, na pale njiti zinapotetemeka ndipo pana tundu. Kijana aliyeanza kazi huona ni ushirikina. Akishaungua mara moja anauheshimu ufagio.

Tulianza kuwasha saa 9 usiku ili uji uwahi alfajiri. Kabla ya kuwasha unatazama kioo cha maji, wala hukiamini mpaka umefungua koki ya chini, ukaona maji yametoka na mengine yamerudi mahali pake, maana kioo kilichoziba huonyesha maji ambayo hayamo. Mvuke ukishapanda unajaribu valvu ya usalama. Kila zamu unapuliza tope lililotua chini ya boila. Halafu kuna maji yenyewe. Sisi watu wa Singida, tunaoishi mkoa mmoja na ziwa Singidani na ziwa Kindai yenye maji ya chumvi, hatuhitaji mtaalamu wa kutueleza ukoko mweupe ndani ya birika. Kila mama wa hapa anajua kwamba birika lenye ukoko linachelewa kuchemka na linamaliza kuni. Basi boila ni birika hilo hilo, ila ukoko wake unakaa kwenye chuma kinachochomwa na moto mkali. Joto likishindwa kupita kwenda majini linabaki kwenye chuma, chuma kinalainika, kinavimba, na siku moja kinapasuka. Ndiyo maana maji hutiwa dawa kabla ya kuingizwa. Dawa hiyo inauzwa. Fedha zake huombwa kwa barua.

Na hapa ndipo ninapotaka kugombana na watu.

Barua zangu nyingi zilijibiwa kwa maneno matatu: “Ni wafungwa tu.” Sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwa hasira. Yalisemwa kwa upole, kalamu ikiwa mkononi, na mtu ambaye jioni yake angekwenda kusali. Dawa ya maji imekwisha. Ngoja robo ijayo, ni wafungwa tu. Pampu ya pili imekufa, tukipoteza na ya kwanza gereza zima halina maji. Watavumilia, ni wafungwa tu. Nyaya za bweni la zamani zimechubuka. Wamezoea giza. Mabomba ya majitaka yalipimwa kwa idadi ya watu fulani, na wanaoyatumia ni zaidi sana ya idadi hiyo. Basi wapewe mtondoo! Msomaji ambaye hajui mtondoo ni nini, ni ndoo ya haja iliyowekwa ndani ya selo wakati wa usiku, na atakayelala karibu nayo ni yule aliyeingia gerezani jana. Kwamba magereza yetu yamekuwa yakijaa kupita kiasi si siri. Desemba 9, 2019, kwenye sherehe za Uhuru pale Mwanza, hayati Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo, na msongamano ulikuwa mojawapo ya mambo aliyoyasema. Wanasiasa huuhesabu msongamano kwa vichwa. Fundi huuhesabu kwa mabomba.

Sasa nisimulie jambo ambalo sijalisimulia mbele ya watu.

Jikoni tulikuwa na vyungu vikubwa vya chuma vyenye kuta mbili, mvuke unapita katikati ya kuta hizo. Huko mvuke ulipunguzwa hadi kilo 2, ambao ni joto la nyuzi 130 na kitu. Chungu kimoja kilianza kuvuja kwenye maungio. Niliomba gasketi. Niliomba tena. Mwezi wa tatu nikafanya wanavyofanya mafundi wote wa nchi hii wakikosa vipuri: nikakata mpira wa tyubu ya lori, nikaufunga, ukakaza. Kila fundi anajua kwamba mpira wa tyubu haukutengenezwa kwa joto lile. Nilijua. Asubuhi hiyo, katika daftari la zamu, mbele ya neno “Jikoni”, niliandika kwa mkono wangu: Salama.

Uliendelea siku 19. Siku ya 20, kabla ya mapambazuko, mpira ukatoka. Jikoni walikuwamo wafungwa sita na nyapara wao, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kama kanuni ilivyotaka, kwa kuwa jikoni mna visu na miiko ya chuma. Ufunguo ulikuwa kwa askari wa lango. Mimi nilikuwa chumba cha boila, ng’ambo ya ua, nikasikia mlio ambao bado nausikia, nikakimbilia valvu kuu. Ilikuwa ngumu kwa kutu. Kwa saa ya mkononi ilikuwa kama dakika nne tangu mlio ule mpaka mlango ulipofunguliwa. Watano walikuwa wamelala kifudifudi pembeni, kwenye sakafu, na hiyo ndiyo iliyowaokoa. Mmoja, kijana aliyekuwa anakoroga uji kwenye chungu kile, aliungua kuanzia bega mpaka vidole. Hakufa. Alikuwa amebakiza miezi mitano kumaliza kifungo chake cha miaka mitatu kwa wizi. Alitoka akiwa na mkono usiokunjuka.

Taarifa iliyoandikwa ilisema chanzo ni uzembe wa mfungwa. Niliitwa, nikaulizwa kama nina la kuongeza. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nikasema sina. Wiki mbili baadaye gasketi zililetwa, vipande sita, vikatosha kwenye mfuko wa shati langu.

Mwalimu, haya ndiyo majibu yangu kwako, na nakuomba usome polepole. Hakimu alimhukumu kijana yule miaka mitatu. Nimewahi kuziona hati za kifungo, zina jina, kosa, sheria, muda. Hakimu hakuandika kuungua. Hakuandika kwamba atakunywa maji ya tangi ambalo halijasafishwa, wala kwamba atalala chini ya waya uliochubuka. Adhabu hizo ziliongezwa baadaye na watu wasio na joho, kwa kunyima vipande sita vya gasketi, na mimi nikatia saini. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu za kumtweza, wala haikutoa ruhusa kwa adhabu zinazotolewa kwa njia ya kusahau.

Tena angalia tofauti hii, maana ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Hoteli ya mjini ikiwa na boila mbovu, mpishi akisikia mlio usio wa kawaida anatupa mwiko na kukimbia, na mgeni anashuka ngazi na taulo kiunoni. Mke wako, Mwalimu, moto wa kuni ukimshinda anatoka nje ya jiko akapunga hewa. Mfungwa hawezi. Sisi ndio tuliomfungia, tena kwa amri halali, na kwa amri hiyo hiyo tumechukua miguu yake. Anayechukua miguu ya mtu sharti amkimbilie. Kwa hiyo nasema, na wanaokasirika wakasirike: mitambo ya gereza inapaswa kutunzwa vizuri zaidi kuliko ya hoteli, zaidi kuliko ya ofisi ya mkuu wa mkoa, na valvu ya usalama ya gereza ijaribiwe kwanza kabla ya nyingine yoyote katika wilaya.

Nani asiyejua yanayotokea tusipofanya hivyo? Mwaka 2002 mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa huko Mbarali, mkoani Mbeya. Hewa, ndugu msomaji! Hakuna boila iliyopasuka pale, hakuna waya uliowaka, watu walizidi chumba na pumzi haikutosha. Desemba 7, 2021, kwa majirani zetu wa Burundi, gereza la Gitega liliwaka moto alfajiri, na serikali yao ikatangaza vifo 38 na kusema chanzo ni hitilafu ya umeme. Gereza lile lilijengwa kwa ajili ya watu 400 na ndani yake walikuwamo zaidi ya 1,500. Niliposikia habari hiyo nilikuwa nimekwisha kustaafu, nikashindwa kula. Niliwaza juu ya fundi wa pale. Huenda na yeye ana barua zake za robo ijayo.

Zamani tuliwahi kuwa na mfano mwingine. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Alisema, kwa kitendo, kwamba aliyefungiwa na serikali ni dhamana ya serikali, na haikumharibia, kwani baadaye alikuwa Rais wa nchi hii. Sijaona aliyejiuzulu kwa ajili ya boila, pampu au waya. Makosa ya mitambo hayana mwenyewe. Yanaitwa hitilafu.

Nije kwenye gesi. Nisionekane mzee anayelilia boila yake, sililii. Boila ile ilikuja kufa kabisa, kama zilivyokufa nyingi za taasisi zetu, dizeli ikawa ghali, ukoko ukamaliza mirija, na jikoni wakarudi kwenye kuni. Wafungwa wakatoka na mashoka, na pori la jirani likaisha. Serikali ilipoagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, nilifurahi. Mwaka huo huo Wakala wa Nishati Vijijini na Jeshi la Magereza walitia saini mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 35 ili magereza 129 yapate gesi, gesi ya samadi, mkaa mbadala na majiko yake. Ni jambo la heshima. Pori letu la Iramba limevumilia vya kutosha.

Lakini nimeishi miaka mingi kwenye nchi ya uzinduzi. Nawajua wakubwa wanaokata utepe, na nimewahi kusimama nyuma yao nikiwa nimevaa sare iliyopigwa pasi. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya gasketi. Ninajua kwamba mafunzo yamo katika mpango huo wa majiko, na ninaushukuru, ila askari aliyefundishwa akihamishiwa gereza jingine baada ya mwaka mmoja anaondoka na mafunzo yake kichwani. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi wa kuni ikakuwasha macho ukajua. Inatambaa chini, inajaa kwenye mitaro, inangoja cheche. Gesi ya samadi nayo ina ndugu yake mwenye harufu ya yai viza anayekula chuma, na akizidi anaua mtu aliyeinama shimoni. Moshi wa kuni ulikuwa adui mpumbavu, kila mtu alimwona. Hawa wapya wana akili. Nani anayekagua mpira wa gesi uliochakaa? Nani anayejua tarehe ya kubadilisha kifaa cha kupunguza mgandamizo? Na akisema “zimeni, leo hatupiki mpaka hiki kibadilishwe”, je, Mkuu wa Gereza atamsikiliza, au atamkumbusha cheo chake?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika gereza kila kitu ni cheo. Koplo hawezi kumwambia Mrakibu hapana. Mvuke haujui vyeo, gesi haijui vyeo. Ninalotaka ni dogo na najua halitapendwa: fundi wa zamu apewe kwa maandishi uwezo wa kuzima moto, na amri ya kuuwasha tena isitolewe na mtu ambaye hajaweka saini yake kwenye daftari hilo hilo kwamba ameona ubovu na anaukubali. Mtie mkubwa kalamu mkononi, uone vipuri vitakavyopatikana haraka. Na ufunguo wa jiko ukae jikoni, kwa askari aliye jikoni, wakati wote moto unapowaka. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakaguzi wake wapo. Waingie jikoni kwa wafungwa kama wanavyoingia kiwandani. Mtu anayekoroga ugali wa watu mia kadhaa tangu usiku wa manane, mkimwita mfungwa ama mkimwita mfanyakazi, ngozi yake ni ile ile.

Najua nitaambiwa: mbona hukuyasema ulipokuwa kazini? Ni kweli. Nilinyamaza, nikala mshahara, nikasomesha, nikajenga nyumba hii tunayonywea chai. Sina namna ya kulisafisha hilo. Siku nilipoulizwa kama nina la kuongeza, nilikuwa nalo, nalo lilikuwa neno moja nililoliandika siku 20 kabla.

Na kuhusu mke wako na kuni, Mwalimu, hapo umesema kweli tupu, wala sikupingi. Yeye pia apate gesi, na mkwe wako apate jiko lisilomtoa machozi. Ila usimtafutie gesi hiyo kwa kumnyang’anya kijana aliyefungiwa. Hawakuipata kutoka kwako. Zahanati yetu, shule yetu, kisima chetu, vyote vina ugonjwa ule ule wa barua za robo ijayo, na walioupeleka gerezani ni hao hao waliouleta hapa. Kule walikuta watu wasioweza kupiga kura wala kukimbia, basi ukakaa vizuri zaidi.

Daftari za zamu ni mali ya serikali, sikuondoka nazo. Lakini nilikuwa na tabia ya kunakili kwenye daftari langu la shule tarehe za barua zote za vipuri na majibu yake, na hilo ninalo, kabatini, limefungwa kwa mpira wa tyubu. Mwenye kulihitaji kwa kazi ya kweli aulize nyumbani kwa Afande, Ulemo, watamwelekeza. Ukurasa wa siku ile una mstari mmoja tu.